Bata wa Bibi na Mabata wa Japani

Wanachuo wenzangu, nianze na aibu yangu: muhula uliopita nilipiga kelele maktaba.

Nilikuwa naandaa andalio la somo la historia kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Mada yenyewe mnaikumbuka tangu sekondari, mahusiano ya awali kati ya Afrika Mashariki na nchi za Mashariki ya Kati na Mashariki ya Mbali. Ile mada ambayo wote tulikariri orodha: walileta shanga, nguo na vyombo vya kaure, wakachukua pembe za ndovu, dhahabu na magamba ya kasa. Nikataka picha za kuwaonyesha wanafunzi wasisinzie. Nikavuta rafuni kitabu kikubwa cha vyombo vya shaba vya Japani, kwa kweli nilivutiwa na jalada tu, na nilipofungua katikati nikasema kwa sauti, "Bata wa bibi!"

Jamaa wa meza ya pili aliyekuwa anadesa kwa amani aliruka. Mtunza maktaba akanitazama juu ya miwani.

Kwenye picha alikuwa bata wa shaba amesimama kwa miguu miwili, shingo imeinuka, mdomo wazi. Mgongoni ana mfuniko uliofuata mstari wa mbawa, hivi kwamba ukiufunga huoni pa kufungulia. Maelezo yalisema ni chombo cha kufukizia, cha Japani, karne ya 19. Unaweka kaa na udi tumboni, moshi unatokea mdomoni.

Sasa, kwetu Baleni, kisiwani Mafia, nyumbani kwa bibi mzaa mama, alikuwepo bata. Alikaa juu ya kabati la vyombo, karibu na saa iliyosimama. Alikuwa wa manjano, mzito kuliko anavyoonekana, na mfuniko wake wa mbawa ulikuwa unalegea. Bibi alisema baba yake ndiye aliyeingia naye ndani ya nyumba ile. Siku za kawaida bibi alifukizia chetezo cha udongo kama watu wote, lakini Idd mbili na siku ya harusi bata alishushwa, akasuguliwa kwa jivu na ndimu mpaka akang'aa, akajazwa kaa. Sisi watoto tulipigana nani ambebe kumzungusha vyumbani. Nilimbeba mara mbili tu maishani, na mara ya pili niliungua kidole.

Jioni ile nikampigia bibi simu. Baada ya shikamoo na habari za mvua nikamuuliza bata yuko wapi, nataka apigwe picha. Bibi akasema, "Bata gani?" Nikasema yule wa shaba. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hayupo," kisha akaniuliza kama nakula.

Nitarudi hapo. Kwanza niwaeleze nilichokuta, maana andalio la somo lile halikuisha kwa wiki mbili kwa sababu ya bata.

Tuanze na kilichomo tumboni, kwa sababu chombo bila udi ni pambo la kabati. Wengi wetu kutoka pwani tumekulia ndani ya moshi huu. Mtoto akizaliwa anafukizwa, bibi harusi anafukizwa nguo na nywele, Maulidi haisomwi bila chetezo kupita, na msibani ubani unawaka tangu maiti anaoshwa. Waganga nao wana yao, hayo tuwaachie. Lakini tunachanganya maneno. Ubani ni utomvu. Mti wa jamii ya Boswellia unachanjwa gome, unatoa machozi meupe yanayokauka, na machozi hayo ndiyo yanayochomwa. Miti hiyo iko Somalia na Dhofar kule Oman, tena biashara yake ni ya zamani mno. Kile kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus, ambacho walimu wetu hawachoki kukitaja kwa sababu ya mji wa Rhapta, kinaeleza bandari za ubani za upande wa Somalia kabla hakijafika huku kwetu.

Udi ni kitu kingine kabisa. Neno ni la Kiarabu, maana yake mti au kijiti, ndiyo maana kinanda cha taarabu nacho kinaitwa udi. Na huu udi wa kuchoma hautokani na mti unaonukia. Mti wenyewe, wa jamii ya Aquilaria, unaota kusini mashariki mwa Asia, Assam, Kambodia, Vietnam, Malaysia, Indonesia. Ukiwa mzima ni mweupe, mwepesi, na ukiuchoma ni kuni tu. Lakini ukijeruhiwa, ukatobolewa na wadudu au tawi likavunjika, na ukungu ukaingia kwenye kidonda, mti unajitetea kwa kutoa utomvu mweusi unaolowea kwenye nyama ya mti. Miaka inapita. Sehemu ile iliyougua inakuwa nyeusi, nzito, na hiyo ndiyo udi. Mkataji anaweza kuangusha mti mzima asipate kitu. Ndiyo sababu bei yake inatisha, na ndiyo sababu mwaka 2004 nchi zilizo kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini zilikubaliana kuiweka miti yote ya jamii hiyo chini ya udhibiti. Ule udi wa kikopo tunaonunua Kariakoo, uliopikwa na sukari na manukato, mara nyingi una vumbi tu la kitu chenyewe.

Wajapani wanauita jinko, maana yake harufu inayozama, kwa sababu kipande kilichojaa utomvu kikitupwa majini kinakwenda chini kama jiwe. Na hapa ndipo nilipofunga daftari nikacheka peke yangu. Nihon Shoki, kitabu cha historia ya Japani kilichokamilishwa mwaka 720, kinasimulia kwamba mwaka 595 gogo lilielea mpaka kisiwa cha Awaji. Watu wa kisiwa hawakujua ni nini. Wakalitia jikoni kama kuni. Harufu ikatoka, ikaenda mbali, wakashtuka, wakalitoa motoni na kulipeleka kwa mfalme.

Mtu wa Mafia hahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Sisi ni watu wa kuokota. Bahari inaleta boya, inaleta mbao, inaleta jerikeni, na zamani ilileta ambari, ile nta ya nyangumi. Al-Masudi, mwandishi wa Baghdad aliyesafiri bahari yetu katika karne ya 10, aliisifu ambari ya pwani ya Zanji kuliko nyingine zote. Wavuvi wa Awaji walichoma udi bila kujua, na nina hakika kuna mvuvi wa kwetu aliyewahi kuzibia ngalawa yake kwa ambari.

Kipande kimoja cha udi kipo Nara mpaka leo, katika hazina ya Shosoin ya hekalu la Todaiji. Kina jina lake, Ranjatai. Urefu wake ni mita 1.56 na uzito wake kilo 11.6. Ni gogo, usifikirie kijiti. Mwaka 1574 mbabe wa vita Oda Nobunaga alikata kipande chake, na mwaka 1877 mfalme Meiji naye akakatiwa. Waliokata wamebandikiwa vijikaratasi mahali walipokata, kama vile sisi tunavyoandika majina kwenye madawati, tofauti ni kwamba wao waliombewa ruhusa.

Basi, watu wenye heshima namna hiyo kwa udi hawawezi kuuweka kwenye kopo. Chombo chao kinaitwa koro. Kuna vya kaure, vya mbao iliyopakwa laka, vya shaba. Kilikuja na dini ya Kibuddha kutoka China kupitia Korea, madhabahuni kwanza, baadaye kikaingia vyumba vya mabwana na watu wa chai. Matumizi yao yanatofautiana na yetu kwa jambo moja ambalo naona ni la maana. Sisi wengi tunatupa udi juu ya kaa, unawaka, nyumba inajaa moshi, dakika kumi umekwisha. Wao katika ule mchezo wao wa harufu wanajaza chombo jivu laini, wanafukia kaa ndani ya jivu, juu wanaweka kigae chembamba cha ulanga, na juu ya kigae kipande cha udi kidogo kama punje ya mchele. Udi hauungui. Unapata joto tu. Moshi haupo, harufu ipo. Na hawasemi wananusa, wanasema wanasikiliza. Kiswahili hapo kiko nao kabisa, maana na sisi tunasikia harufu. Nilipomwambia mwenzangu wa chumbani, yeye wa Iringa, akasema kwao pia harufu inasikika. Hatukuendelea na uchunguzi.

Wanyama walitoka wapi? Bata wa kufukizia walikuwepo China kabla, na Wajapani waliwachukua wakawafanya wao. Wakaongeza simba wa kizushi mwenye nywele za mawimbi, korongo, kware, sungura, tembo, ng'ombe, na kirini, mnyama wa hadithi mwenye pembe. Sababu moja utaielewa ukishakiona chombo kimewashwa. Chetezo kinatoa moshi, lakini simba anayetoa moshi mdomoni anapumua. Mafundi walijua hilo, na kazi yao kubwa ilikuwa kuficha. Mfuniko ufichwe kwenye manyoya, tundu la hewa lifichwe chini ya mkia. Kaa bila hewa linazima, hivyo lazima hewa iingie chini na moshi utokee juu, ndani ya umbo la kiumbe ambacho hakikuumbwa kuwa jiko.

Namna ya kuwatengeneza nitaieleza kwa kirefu kidogo, walimu wa sanaa mnisamehe. Fundi anafinyanga kiini cha udongo chenye umbo la bata. Juu yake anapaka nta ya unene ule anaotaka shaba iwe nao, halafu kwenye nta ndiyo anachora kila unyoya. Anafunika nta kwa udongo laini, tabaka juu ya tabaka, akiacha matundu. Anachoma. Nta inayeyuka na kutoka, panabaki uwazi mwembamba kati ya udongo na udongo. Ndani ya uwazi huo anamimina madini yaliyoyeyushwa. Yakipoa anavunja udongo wa nje, anakwangua kiini cha ndani, na bata yuko pale, mtupu tumboni. Yaani kila bata ana ukungu wake mmoja uliovunjwa, huwezi kumtoa mwingine. Madini yenyewe kwa kawaida ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Shaba nyekundu ikichanganywa na zinki inakuwa ile ya njano, ya mabomba na vitasa. Lugha yetu inaziita zote shaba, na hilo limenisumbua sana kwenye kuandika makala hii.

Mabata wengi wanaoonekana leo kwenye vitabu na minada ni wa enzi ya Meiji, iliyoanza 1868, na nyuma yao kuna habari ya ajira ambayo sisi wa mwaka wa mwisho tunapaswa kuisoma vizuri. Mafundi wa chuma na shaba wa Japani waliishi kwa kupamba panga za masamurai. Vikono, vizuizi vya mkono, visahani vya ala, kazi ya kiwango cha juu kabisa. Mwaka 1876 serikali ikapiga marufuku watu kuvaa panga hadharani. Soko likafa. Fundi aliyetumia miaka kumi kujifunza kutia dhahabu kwenye kikono cha upanga aliamka hana mteja. Waliofaulu waligeuza mikono ile ile kwenye vyombo vya kuuzia Ulaya na Marekani, na vyombo vya kufukizia vyenye wanyama vilikuwa kati yake. Serikali yenyewe ilikwisha anza kupeleka sanaa kwenye maonyesho makubwa, Vienna 1873, Philadelphia 1876, Paris 1878. Fundi Suzuki Chokichi alipeleka Paris chombo cha kufukizia cha shaba chenye tausi, kikubwa kuliko mtu. Kiko London sasa, jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Nani alitia udi ndani ya kitu kile? Hakuna. Wanunuzi wa Ulaya waliwaweka mabata hawa juu ya meko ya sebuleni, baridi, tumbo tupu, na bata wengi wa Meiji wangali safi ndani kwa sababu hiyo.

Wengine hawakupona. Mwaka 1941, vita imepamba moto, serikali ya Japani iliamuru vyombo vya madini vikusanywe kwa ajili ya silaha. Kengele za mahekalu zilishushwa kwa maelfu zikayeyushwa, na vyombo vya shaba vya majumbani vikafuata.

Halafu kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote. Katika vyombo vya kufukizia vyenye umbo la mnyama, kimoja kinachoheshimiwa sana Japani, kilichotangazwa kuwa hazina ya taifa, ni ndege wa porini mwenye mkia mrefu, ukubwa wa ndege halisi, kazi ya mfinyanzi Nonomura Ninsei wa Kyoto, karne ya 17. Yuko makumbusho ya Kanazawa. Moshi unatokea kwenye matundu ya mgongoni. Na si wa shaba. Ni wa udongo. Mkia ule umenyooka kwa nyuma bila kushikiliwa na kitu, na mtu yeyote aliyewahi kuona chungu kikipasuka kwenye moto wa makuti atajua kwa nini wanamheshimu. Kwa hiyo usidharau chetezo cha udongo cha sokoni Kilindoni, kile chenye kiuno chembamba na madirisha ya pembetatu.

Nilipoelezea haya chumbani, dada mmoja jirani yetu akauliza swali nililolitarajia: "Sasa Muislamu na sanamu ya bata wapi na wapi?" Swali zuri. Jibu liko New York, katika jumba la Metropolitan. Yupo simba wa shaba, urefu wa kimo chake kama sentimita 85, aliyetengenezwa mwaka 577 wa Hijra, yaani 1181 hadi 1182, eneo la Taybad, Iran ya leo. Ana maandishi ya Kiarabu mwilini yenye jina la amiri aliyetengenezewa na la fundi, Jafar bin Muhammad bin Ali. Kichwa kinatoka, unaweka kaa, unarudisha kichwa, harufu inapita kwenye nakshi za matundu mwili mzima. Vyombo vya namna hiyo havikukaa msikitini, vilikaa kwenye majumba. Bata wa bibi naye hakuwahi kuvuka kizingiti cha msikiti, alikuwa wa ndani.

Na pwani yetu ina mnyama wake wa shaba. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, mji uliohamwa kisiwani Pate, Kenya, na akapata sanamu ndogo ya simba wa shaba, wa kuenea kiganjani, wa miaka ya 1100 hivi. Umbo lake linafanana na kazi za India. Si chombo cha kufukizia, lakini anatosha kuonyesha kwamba mnyama wa madini ndani ya nyumba ya Mswahili si ajabu ya jana.

Sasa bata wetu alikuwa wa wapi? Nilianza kwa kujidanganya kuwa ni Mjapani. Ningependa sana. Lakini Wajapani wa Meiji walithamini rangi ya juu ya shaba, ile kahawia au nyeusi iliyopatikana kwa dawa na muda, na huwezi kukuta bata wao aliyesuguliwa kwa jivu na ndimu mara mbili kwa mwaka akabaki vile. Pia mafundi wao mara nyingi waliweka saini tumboni au chini ya miguu. Wetu alikuwa wa manjano mpaka ndani, manyoya yake ni mistari tu iliyochongwa kwa tindo, na chini hakuwa na kitu. Nimekata shauri kwamba alikuwa Mhindi, wa shaba ya njano, aliyeshuka na jahazi la kaskazi kama mabakuli na sinia nyingi za shaba za bibi zetu. Kwa hiyo ni binamu wa mbali wa wale wa kitabuni. Babu mmoja China au Uajemi, mjukuu mmoja Kyoto, mwingine Baleni.

Kama kwenu kuna kitu cha namna hii, nina maneno machache. Usikisugue, ule weusi ni umri wake. Kipige picha pande zote pamoja na chini. Tazama ndani, kitu kilichotumika kweli kina utando mweusi wa udi usiotoka kwa kucha, wakati vya kuigiza vinavyouzwa kwa watalii vina mshono wa ukungu ubavuni na weusi wa kupakwa. Na ujue kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, huwezi kukisafirisha nje ya nchi kama unavyosafirisha korosho. Sheria ile inamfikiria mtu wa kutoka nje mwenye begi. Haimfikirii mtu wa vyuma chakavu mwenye baiskeli na mizani ya ndoano, na huyo ndiye anayefika vijijini kila wiki.

Likizo nilikwenda nyumbani. Boti kutoka Nyamisati, Kilindoni asubuhi, bodaboda mpaka Baleni. Bibi alikuwa uani anakuna nazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko chuoni mnakula vitabu?"

Sikuzunguka. Nilimuuliza bata nani kamuuza. Nilikuwa tayari nimeshamhukumu kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ana historia.

"Mimi," akasema, mkono haujaacha mbuzi.

Mwaka jana mkopo ulichelewa kuingia. Wengi mnaukumbuka muhula ule. Nilimpigia bibi usiku mmoja, na sitajisifu hapa, nililia. Nikamwambia nina siku mbili nakunywa uji wa rafiki yangu. Kesho yake saa sita mchana simu ililia, elfu ishirini imeingia. Sikuuliza imetoka wapi. Ukiwa chuoni hela ya nyumbani unaiona kama mvua, inanyesha tu.

"Kilo moja na nusu," bibi akasema. "Alinipa elfu kumi na mbili. Elfu nane ilikuwa ya nazi. Wewe ulidhani ilitoka baharini?"

Nilikumbuka nilivyoitumia. Elfu kumi na tano ilikuwa chakula. Elfu tano ilikuwa bando.

Nikamtolea simu nikamwonyesha picha ya bata wa Japani niliyoipiga kutoka kitabuni. Alifuta mkono kwenye kanga, akaishika simu mbali na macho, akaitazama muda mrefu. Nikamweleza habari ya moshi kutokea mdomoni.

"Wetu mdomo ulikuwa umeziba," akasema. "Tangu enzi za baba. Moshi ulitokea mgongoni, mfuniko ulikuwa umelegea. Mfuniko upo."

"Upo wapi?"

"Yule mtu alipokuja haukuonekana. Ulikuwa nyuma ya kabati. Nimefunikia chumvi."

Usiku ule alifukiza kwa chetezo cha udongo, kaa la kifuu, na kabla ya kuweka udi alichota jivu kwa ncha ya kisu akalitandaza juu ya kaa. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza. Nilipouliza, akasema udi ghali, ukiuweka juu ya moto mtupu unaondoka haraka. Nikamwambia Wajapani wanafanya vilevile. Akasema, "Basi nao walinunua kwa shida."

Mfuniko ninao. Bibi alinipa, akafunikia chumvi kisahani. Uko mezani kwangu hapa hosteli, mbawa mbili za shaba ya njano, nimeweka ndani yake pini za karatasi. Mchana jua la dirishani likiupiga unapata joto, na mwenzangu wa Iringa anauliza nani anachoma udi.